Si Kila Akaaye Nyumbani Hana Kazi

Wahenga walinena kwamba kazi mbi si mchezo mwema. Hata hivyo, wahenga hao hawakutuambia kazi hufanyiwa mahali gani. Katika vijiji vyetu hivi, kutoka Maua hadi Nkubu, kutoka Chuka hadi Runyenjes na mpaka Siakago kule Mbeere, mtu huhesabiwa kuwa na kazi akionekana akitoka. Atoke na kikapu cha majani chai, atoke na jembe, atoke na mkoba akikimbilia matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, mradi atoke. Anayebaki nyumbani husemwa kwa maneno mawili tu: "Yuko tu."

Mimi nimeishi na mtu ambaye "yuko tu" kwa miaka kadhaa, na huyo ndiye aliyenimalizia karo nikaendelea kukalia madawati haya. Ndiyo maana nimeshika kalamu niwaeleze kuhusu vifaa na programu zinazomwezesha mtu kufanya kazi akiwa nyumbani, hasa katika sehemu zetu hizi za Meru na Embu, ambako stima hupotea mvua ikianza tu kunyesha, na mtandao huja vizuri ukisimama karibu na zizi la ng'ombe.

Kwanza kabisa tukumbuke kwamba kufanya kazi nyumbani si jambo geni. Mama yangu ni fundi wa nguo. Cherehani yake ya kukanyaga ni Singer, kampuni iliyoanza kule Marekani mwaka wa 1851, nayo imekaa kwenye veranda yetu tangu kabla sijazaliwa. Sare za shule za nusu ya watoto wa kijiji chetu zimepitia chini ya sindano yake. Hakuna aliyewahi kumwambia mama kwamba hana kazi, kwa sababu cherehani hulia, na kila apitaye barabarani huisikia. Nyanya naye alisuka viondo akiwa ameketi chini ya mwembe, na viondo hivyo viliuzwa sokoni. Basi taabu ya dada yangu ilikuwa moja tu: kifaa chake hakikulia.

Dada alikuwa ameajiriwa Nairobi, katika ofisi moja ambayo sitaitaja jina. Mnamo Machi 13, 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, na siku mbili baadaye serikali ikafunga shule na kuwahimiza waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani. Dada alibeba kipakatalishi chake akapanda gari la Meru. Baada ya miezi michache mshahara ulikatwa, kisha ukakoma kabisa. Kipakatalishi kikabaki, maana kilikuwa chake mwenyewe. Hapo ndipo alipoanza kazi ya kunukuu kanda: anatumiwa sauti iliyorekodiwa, labda mkutano au mahojiano ya watafiti, naye anasikiliza na kuandika neno kwa neno. Ofisi yake ilikuwa ghala dogo nyuma ya jikoni, ambalo zamani tuliwekea mahindi.

Baba hakupendezwa. "Binti yangu," alikuwa akimwambia, "nilikusomesha uje kukaa ghalani kama gunia?" Majirani nao walimfanya mtumishi wa kila mtu. Mtoto wa jirani akiugua, dada aitwe ampeleke zahanati, si yuko tu. Kahawa ikihitaji kuchumwa, aitwe, si yuko tu. Kukiwa na mazishi, yeye ndiye wa kuteka maji na kumenya viazi kuanzia Jumatatu. Mama mmoja alimwuliza waziwazi, "Sasa wewe, hiyo kompyuta yako unacheza nayo mpaka lini?" Dada alicheka tu, lakini usiku nilimsikia akiandika mpaka jogoo wa kwanza, akifidia saa zilizoliwa na mchana.

Mambo yalifika kilele mwaka wa 2024, nilipokuwa Kidato cha Pili. Mteja mmoja alimwachisha kwa sababu stima ilipotea siku mbili mfululizo na kazi haikufika kwa wakati. Dada akamwomba baba auze mtamba wetu ili anunue betri na inveta. Kumbe mtamba huyo ndiye aliyekuwa karo yangu ya muhula wa pili! Wasomaji wangu, piga picha hiyo akilini: mtamba mmoja, na watoto wawili wanaomtazama kwa macho ya matumaini.

Shule zilikuwa zimechelewa kufunguliwa kwa ajili ya mafuriko, hivyo nilikuwapo nyumbani mjomba alipokuja kutoka Runyenjes kutuamua. Baba alisema neno lake: dada arudi Nairobi akatafute kazi ya kueleweka. Mama alisema lake: aliyeko nyumbani hula kidogo na halipi kodi ya nyumba. Mjomba alisikiliza, akanywa chai yake yote, kisha akasema, "Shemeji, mtamba auzwe, pesa zigawanywe nusu kwa nusu. Kijana aende shule na nusu ya karo. Binti apewe miezi mitatu, na aandike kwenye daftari kila senti inayoingia. Miezi mitatu ikiisha daftari litasema, sisi tutanyamaza." Mtamba aliuzwa shilingi 48,000. Nilikwenda shule nikiwa na shilingi 24,000 na deni la 21,000, huku nikijua kwamba masomo yangu yanategemea betri.

Sasa niwaeleze vifaa vyenyewe, kimoja baada ya kingine.

La kwanza ni umeme. Penye miti hapana wajenzi. Mto Tana upitapo kusini mwa Embu una mabwawa matano ya kuzalisha umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ulianza kufanya kazi mwaka wa 1968, na Gitaru peke yake una uwezo wa megawati 225. Hata hivyo waya unaofika kijijini unaweza kuangushwa na tawi moja la mgrevilea. Na si kijijini tu: usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani. Kwa hivyo anayefanyia kazi nyumbani lazima awe na akiba yake.

Dada alinunua betri ya volti 12 na ampea-saa 100. Mwalimu wetu wa Fizikia atakubaliana nami kwamba 12 mara 100 ni wati-saa 1,200. Lakini betri ya aina ya risasi na asidi haifai kutumiwa mpaka tone la mwisho. Ukiizoesha kushuka chini ya nusu, itakufa mapema. Basi hesabu wati-saa 600. Kipakatalishi kinakula takriban wati 45, taa ya balbu moja wati 5, jumla 50. Gawanya 600 kwa 50 upate saa 12. Inveta nayo, ambayo kazi yake ni kuugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani, hujilia sehemu yake, kwa hivyo sema saa 10. Hiyo ni siku nzima ya kazi. Betri hiyo huchajiwa stima ikiwapo, na hukaa mahali penye hewa, kwa sababu ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kushika moto. Usiiweke karibu na jiko la makaa.

Asiye na pesa za betri kubwa anaweza kuanza na ile betri ndogo ya kuchajia simu ambayo vijana huiita pawabanki. Iliyoandikwa 20,000 hubeba takriban wati-saa 74. Modemu ndogo inayokula wati 6 inaweza kukaa juu yake karibu saa 9, mradi ununue waya unaolingana na volti za modemu. Kipakatalishi chenyewe kina betri yake ndani. Hivyo mtu hupoteza stima lakini hapotezi mteja.

La pili ni mtandao. Kabla ya mwaka wa 2009 nchi yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya pole pole. Mwaka huo nyaya mbili za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. TEAMS imetoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Kutoka Mombasa mawasiliano hupanda bara kwa nyaya nyingine, yakafika Embu na Meru, kisha yakarushwa hewani na milingoti mpaka kwenye simu. Safari hiyo ni ndefu na inaweza kukatika popote. Mnamo Mei 12, 2024, mkesha wa siku ile tuliyofungua shule, nyaya mbili za baharini zilikatika karibu na Afrika Kusini, na mtandao wa Afrika Mashariki nzima ukawa wa kusuasua. Wiki ya kwanza kabisa ya ile miezi mitatu ya dada!

Alifanyaje? Alikuwa na laini mbili za kampuni tofauti, ili moja ikilala nyingine iamke. Alizipakua kanda zote usiku wa manane watu wakiwa wamelala, akaziandika mchana bila mtandao wowote, kisha akatuma maandishi, ambayo ni mepesi kama unyoya. Hilo ni funzo kubwa. Sauti ni nyepesi kuliko video, na maandishi ni mepesi kuliko sauti. Katika mikutano ya Zoom au ya Google Meet, ukizima kamera bando lako litaishi muda mrefu zaidi. Tena alizunguka boma letu lote akiwa na simu mkononi akipima mahali penye nguvu ya mtandao, akagundua ni kwenye nguzo ya zizi, upande unaotazama mlingoti ulioko mlimani. Modemu ikafungwa hapo ndani ya mkebe wa plastiki. Ng'ombe wetu wakawa majirani wa intaneti.

La tatu ni programu. Wengi hudhani programu nzuri lazima inunuliwe kwa maelfu ya pesa. La hasha! Ipo LibreOffice, ambayo huandika barua na kupiga hesabu, nayo hupatikana bila malipo. Ndugu yake wa kwanza, OpenOffice, alitafsiriwa kwa Kiswahili na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 2004, akaitwa Jambo OpenOffice. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna haki ya kujivunia hilo, maana lugha yetu iliingia kwenye tarakilishi kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kwa kazi ya kunukuu, dada hutumia programu iitwayo Express Scribe, na wakati mwingine oTranscribe, ambayo hufunguliwa kwenye kivinjari cha wavuti bila malipo yoyote. Programu hizi huweka sauti na ukurasa wa kuandikia mahali pamoja. Unaweza kupunguza mwendo wa msemaji anayekimbia kama matatu ya Nairobi. Unaweza kumrudisha nyuma sekunde chache kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kanda ya saa moja iliyo safi huchukua kama saa nne kuiandika, na yenye kelele huchukua zaidi. Anayedhani huu ni mchezo na ajaribu dakika tano tu za mkutano wa kijiji.

Kisha kuna kifaa ninachokipenda kuliko vyote, nacho ni kanyagio. Huwekwa sakafuni na kuunganishwa kwa waya na tarakilishi. Ukikanyaga katikati sauti hucheza, ukikanyaga kushoto hurudi nyuma, ukikanyaga kulia huenda mbele, na mikono yako haiondoki kwenye kibodi. Siku dada alipokileta, mama aliingia ghalani, akaketi, akaweka mguu juu yake, akakanyaga. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe na wewe ni fundi wa cherehani!" akasema. Tangu siku ile mama hakuruhusu mtu amwite dada saa za kazi. Ukija kumwuliza dada, mama alikujibu kutoka verandani, "Anashona."

Visikizi pia ni vya lazima, vile vikubwa vinavyofunika masikio yote, kwa sababu ya majogoo na redio za majirani. Na kila jioni dada huhifadhi kazi mara tatu: katika tarakilishi, katika flashi, na katika hifadhi ya mtandaoni. Tarakilishi ni chombo tu, na chombo huvunjika.

Msidhani ni dada peke yake. Mjomba wa Runyenjes, aliyetuamulia kesi, alistaafu ualimu, na sasa huwawekea hesabu wenye maduka na vyama vya akina mama, akiwa sebuleni kwake. Wateja wake huagiza taarifa ya M-Pesa kwa simu, huja ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri, naye huifungua na kuipanga kwenye majedwali ya LibreOffice. M-Pesa ilianza Machi 2007 kwa kutumiana pesa tu. Leo mjomba husema kwamba imekuwa daftari la biashara ambalo mwenye duka hakujua anaandika. Mwanachama akibishana kwamba alilipa, mjomba hutafuta tarehe, mabishano yakaisha. "Zamani," aliniambia, "ugomvi wa chama ulimalizwa na chifu. Siku hizi unamalizwa na kipanya."

La nne ni malipo. Tangu mwaka wa 2018 mtu anaweza kutoa pesa kutoka PayPal zikaingia moja kwa moja kwenye M-Pesa. Dada hukamilisha kazi ya mteja aliye ng'ambo, pesa zikapita mawinguni, naye akazitoa kwa ajenti pale Nkubu, karibu na wauza ndizi. Lakini tahadhari kabla ya hatari. Wapo matapeli wengi wanaowaahidi vijana kazi za mtandaoni wakidai kwanza walipwe ada ya kujiandikisha. Mwajiri wa kweli hukulipa, hakuombi. Anayetaka kujifunza bila kudanganywa aulize kuhusu mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza mwaka wa 2016 ili kuwafunza vijana kazi za aina hii.

La tano halinunuliwi dukani: mlango na saa. Dada alibandika karatasi kwenye mlango wa ghala: SAA MBILI HADI SAA SABA, KAZINI. Kabla ya saa mbili alikamua ng'ombe, na baada ya saa saba alichuma chai au kwenda kwenye mazishi kama watu wengine. Pole pole majirani walizoea. Nafikiri karatasi hiyo ilimsaidia kuliko inveta, kwa sababu umeme unaweza kununuliwa, lakini saa iliyoliwa na watu hairudi.

Wenzangu, sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu sisi wanafunzi moja kwa moja. Katika mwezi wa pili wa ile miezi mitatu, daftari likiwa bado halijashiba, dada alipata mteja aliyeahidi malipo mara tatu ya yale aliyozoea. Kazi yenyewe? Kuwaandikia insha wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo, ambao wangeziwasilisha kama zao. Vijana wengi wa Kenya wamefanya kazi hiyo, na si siri. Baba, ambaye deni la karo lilimnyima usingizi, alisema, "Si wewe unayedanganya. Anayedanganya ni huyo Mzungu." Nami nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo wiki ile, kwa hivyo niliyasikia yote.

Dada alikaa kimya kitambo. Kisha akamjibu kwa heshima, "Baba, huyu mdogo wangu akiandikiwa KCSE na mtu mwingine, utaita nini?" Baba hakujibu. Ni vyema mjue kwamba kule Uingereza, sheria ya mwaka wa 2022 ilifanya kuwa kosa kuuza insha za namna hiyo kwa wanafunzi. Lakini dada hakuitaja sheria. Aliikataa kazi, na mimi nikakaa nyumbani siku nane zaidi. Siku hizo nane nilizichukia nilipokuwa ndani yake. Nikizitazama leo naona kwamba hakuna mwalimu aliyenifunza somo la uaminifu kwa bei hiyo.

Kuna swali ambalo mwalimu wetu mmoja aliniuliza nilipomwonyesha maandishi haya kwa mara ya kwanza: je, mashine hazitamnyang'anya dada yako kazi? Swali hilo ni la haki. Mnamo Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa programu iitwayo Whisper, ambayo husikiliza sauti na kuiandika yenyewe. Hata Google iliongeza Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania katika kuandika kwa sauti kwenye simu tangu Agosti 2017. Kazi ya Kiingereza safi imepungua, dada mwenyewe anakiri. Na kampuni za mtandaoni zinaweza kuondoka bila kuaga: mnamo Machi 2024 Remotasks ilifunga huduma zake kwa wafanyakazi wa Kenya, na watu wakaamka asubuhi hawana kazi.

Basi dada alibadilisha mbinu. Sasa mashine humwandikia rasimu, naye huirekebisha. Na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapong'aa. Mkulima wa Mbeere akizungumza, huanza kwa Kiswahili, akapitia Kimbeere, akamalizia kwa Kiingereza cha redio. Siku moja mkulima alisema anauza muguka, mashine ikaandika kwamba anauza mwaka. "Mimi nauza mwaka, na mwaka ukiharibika sipati chochote." Tulicheka sana, lakini mtafiti aliyeko mbali angejuaje? Alihitaji mtu aliyekulia hapa, anayetofautisha Kiembu na Kimbeere, anayejua kwamba Kimeru cha Igembe si sawa na cha Imenti. Kazi za namna hiyo ndizo zinazomjia dada sasa, na hulipa vizuri kuliko zile za zamani. Wenzetu wanaocheka Kiswahili madarasani wakisema hakina soko, na waje waone soko hilo ghalani kwetu.

Je, daftari lilisema nini? Mwezi wa kwanza, ule wa nyaya kukatika, ziliingia shilingi 9,400. Mwezi wa pili 17,250. Mwezi wa tatu 26,800. Mjomba alisafiri tena, akavuka mto Thuci, akafika kwetu, akavaa miwani na kulisoma daftari kwa sauti kama anayesoma matokeo ya mtihani. Baba alilichukua, akalisoma tena mwenyewe. Kisha akauliza jambo moja tu: "Hiyo betri yako, inaweza kuwasha na taa ya zizi?" Deni langu la shilingi 21,000 lililipwa kabla ya muhula kufungwa. Mtamba mwingine hatujanunua hadi leo, na miezi mingine daftari huwa jembamba sana. Baba akiulizwa sokoni binti yake anafanya kazi gani, husema kwamba yeye huandika maneno ya watu. Si jibu baya.

Nikitamatisha, ningependa kuwashauri wenzangu mambo machache. Tukiwa hapa shuleni simu haziruhusiwi, nami sililii hilo. Lakini maabara ya tarakilishi ipo, na kipindi chake tusikigeuze kuwa saa ya kusinzia. Jifunzeni kuandika kwa vidole vyote bila kutazama kibodi, maana hilo halihitaji pesa. Jifunzeni kupanga hesabu kwenye jedwali. Andikeni Kiswahili sanifu na mzisikilize kwa makini lugha za nyumbani, kwa sababu hizo ni zana ambazo hakuna kampuni inayoziuza. Nasi wa Kidato cha Nne tutakaporudi nyumbani baada ya mtihani, wengi wetu tutaambiwa kwamba tuko tu. Mtu akikuambia hivyo, usigombane naye. Funga mlango, washa betri, na uandike kila senti kwenye daftari.